Kidole Kikibanwa, Mtazame Usoni

Daktari wa mifugo akiletewa mtoto wa mbwa anayeburuta miguu ya nyuma, kuna kipimo kimoja anachokifanya mapema, nacho hakihitaji mashine. Anamlaza mgonjwa ubavu, anashika kidole cha mguu wa nyuma na kukibana kwa koleo la upasuaji, si ngozi tu bali mpaka mfupa wenyewe. Mara nyingi mguu unavutwa. Mwenye mbwa, aliyejikunyata kando ya meza, anashusha pumzi: kumbe mguu u hai! Daktari hajibu kitu. Muda wote huo hakuwa akitazama mguu, alikuwa akitazama uso. Anangoja mgonjwa ageuze kichwa, alie, au amtolee meno.

Mguu kuvutwa si ushahidi kwamba mbwa amehisi. Habari ya maumivu hupanda kutoka kidoleni hadi kwenye ugwe mgongo, ile kamba ya mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya pingili, na ugwe huo una mamlaka ya kuuamuru mguu ujikunje bila kuuliza ubongo. Kilio ni jambo jingine. Mbwa halii mpaka habari ifike kichwani, na ikifika ina maana njia haijakatika yote. Mgonjwa asiyeweza kusimama lakini anayelia akibanwa ana matumaini mazuri. Yule ambaye pingili zake zimevunjika au kuteguka kwa ajali, na anabanwa huku akiendelea kutazama dirishani, nafasi yake ya kutembea tena kwa hiari yake ni finyu sana.

Kipimo hiki kiachwe kwa daktari. Nyumbani kinaishia kwa mtu kung'atwa.

Wengi wa wagonjwa hawa wameumia kwa namna moja au nyingine ya uzembe wa kawaida: gari lililorudishwa nyuma getini wakati kijibwa kimelala kivulini chini yake, bodaboda iliyopita uchochoroni, mtoto aliyembeba akamwangusha ngazini, teke, jiwe. Dakika za mwanzo zina maana kuliko dawa nyingi zinazokuja baadaye. Mbwa aliyeumia mgongo hainuliwi kwa kwapa. Anasogezwa taratibu juu ya ubao, trei pana au hata mlango wa kabati, kisha anafungwa na shuka asijipindue njiani. Mdomo hufungwa kwa kitambaa laini, ila kama anatapika au anapumua kwa shida uachwe wazi. Hata mbwa mpole kuliko wote hung'ata akiwa na maumivu.

Halafu kuna mkono wa mwenye mbwa unaokwenda kabatini kutafuta Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa kijibwa cha kilo 3 ni zaidi ya miligramu 160 kwa kila kilo ya mwili wake. Daktari akiamua kuitumia dawa hiyo kwa mbwa hupima kati ya miligramu 10 na 15 kwa kilo, kwa hiyo kidonge hicho ni sumu ya ini. Diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi, maana hutoboa tumbo na kuharibu figo kwa kipimo ambacho binadamu angekimeza bila kufikiri. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na kwa daktari wa mifugo hazikosekani.

Jambo la mwisho kabla ya safari ya kliniki ni kuuliza kama kweli kulikuwa na ajali. Mtoto wa mbwa wa kuokotwa, asiye na jeraha, ambaye miguu yake imelegea ghafla, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hauji kwa ukali na povu peke yake. Upo unaokuja kwa kupooza, kimya kimya, na watu hupatwa kwa sababu wanamwonea huruma mgonjwa. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Aliyeng'atwa, au aliyelambwa kwenye mchubuko, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Anayemshika mgonjwa asiyejulikana avae glavu, na huko mwambao, ambako wengi huchelea mate ya mbwa kwa sababu ya twahara, glavu hizo humsaidia hata mwenye swala zake kushika upande mmoja wa ubao.

Utoto unamsaidia mgonjwa aliyeumia, na papo hapo unamponza.

Mbwa huzaliwa hajakamilika. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Miguu ya mbele huanza kubeba uzito kabla ya ile ya nyuma, na hadi karibu wiki ya tatu ndipo anapoanza kutembea kwa kuyumba, tumbo likiwa limeinuka kutoka chini. Wiki chache baadaye anakimbia na kung'ata viatu. Mwili unaojijenga kwa kasi hiyo hujikarabati kwa kasi hiyo hiyo. Mfupa wa mbwa mzima uliovunjika huchukua miezi miwili, mitatu au zaidi kuunga, lakini wa mtoto aliye chini ya miezi mitatu unaweza kuunga kwa wiki mbili hadi nne.

Ubaya ni kwamba mifupa hiyo bado inarefuka, na inarefukia kwenye tabaka laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake. Mwaka 1963 madaktari wawili wa Toronto, Robert Salter na Robert Harris, walipanga majeraha ya tabaka hizo kwa watoto wa binadamu katika aina tano, na madaktari wa mifugo wanatumia mpango huo huo hadi leo. Aina ya tano ndiyo ya hila. Gegedu limepondwa lakini hakuna kilichosogea, na picha ya eksirei inaonyesha mfupa mzima. Kwa mbwa balaa hilo hupenda kutokea juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele, penye mifupa miwili inayokwenda sambamba. Mfupa mmoja kati ya hiyo, wa upande wa nje, hupata takriban asilimia 85 ya urefu wake kutoka kwenye tabaka moja tu ya chini. Tabaka hiyo ikifa, mfupa unasimama huku mwenzake ukiendelea kurefuka, na mguu unaanza kupinda kuelekea nje. Ndiyo maana daktari makini humwambia mwenye mbwa arudi kwa picha nyingine baada ya wiki mbili au tatu, hata kama kijibwa kimeacha kuchechemea. Wengi hawarudi, kwani nani atalipia eksirei ya mbwa anayekimbia?

Kufunga banzi nako kuna sheria ambazo fundi wa mtaani hazijui. Banzi linalofaa hushika kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Kwa mfupa wa chini ya goti hilo linawezekana. Kwa mfupa wa paja haliwezekani, kwa sababu nyonga haifungiki, na banzi linaloishia pajani hugeuka uzito unaoning'inia juu ya mvunjiko na kuupanua. Paja huhitaji chuma kinachoingizwa ndani ya mfupa kwa upasuaji. Na hata baada ya upasuaji mzuri kuna mtego: kwa mtoto wa mbwa, misuli ya mbele ya paja hushikana upesi na mfupa mpya unaojijenga, na mguu ukiachwa bila kukunjwa kwa wiki chache tu hunyooka na kukauka hivyo hivyo. Mfupa umepona, mguu umepotea. Kinga yake ni mkono wa mwenye mbwa kulikunja na kulikunjua goti pole pole, mara kadhaa kwa siku, tangu siku daktari anaporuhusu.

Banzi au plasta ya mtoto anayekua hukaguliwa kila wiki, maana iliyomtosha Jumatatu iliyopita inambana Jumatatu hii. Vidole viwili vya kati huachwa nje makusudi. Kucha zake zikianza kutanuka na kuachana, au vidole vikiwa baridi, damu haipiti, na jambo hilo haliwezi kungoja asubuhi. Akitoka kwenda kwenye majani yenye umande, mguu huvishwa mfuko wa plastiki na kuvuliwa mara anapoingia. Banzi lililolowa huozesha ngozi, na harufu ndiyo inayomjulisha mwenye nyumba, kwa kuchelewa.

Kwa ufupi, kumrudisha mtoto wa mbwa kwenye mwendo kuna kazi mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kumzuia asitembee na ya pili ni kumfundisha kutembea, na kujua ni zamu ya ipi ndiyo nusu ya tiba. Aliyevunjika mfupa huzuiwa kwanza. Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa, kwa sababu mtoto wa mbwa aliyepungua maumivu hajui kwamba hajapona. Anahitaji kizimba cha mbao na wavu kinachomwezesha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, lakini si kuruka wala kukimbia. Hutolewa kwa kamba kwenda kukojoa na kurudishwa. Atalia usiku wa kwanza, na wa pili pia. Watoto wa nyumbani watamwonea huruma na kumfungulia, kwa hiyo afadhali komeo liwe juu.

Kuna pia wavunjikao bila ajali yoyote. Kijibwa kimeruka kutoka kwenye kochi, mguu umekatika. Daktari mwenye uzoefu huuliza kwanza anakula nini, na jibu mara nyingi ni la fahari: nyama tupu, steki, hapewi makombo. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi mno na kalisi kiduchu, tofauti ya kama 20 kwa 1. Mwili wa mtoto ukikosa kalisi kwenye chakula huichota kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka inakuwa myembamba kiasi kwamba kwenye eksirei haipishani sana na nyama inayoizunguka. Ajabu ni kwamba mbwa wa jirani maskini, anayepikiwa ugali na dagaa wanaoliwa wazima na miba yao, anaweza kuwa na mifupa imara kuliko huyo. Tiba ya mgonjwa wa namna hii huanzia jikoni. Kuongeza vidonge vya kalisi kwa kukisia nako kuna madhara yake, hasa kwa mbwa wa maumbo makubwa.

Kwa aliyeumia mishipa ya fahamu mambo yanageuka. Mara daktari anapohakikisha kwamba uti wa mgongo umetulia, zamu ni ya kufundisha, na kila siku ya kulala bure ni hasara. Lakini kabla ya miguu kuna kibofu. Mbwa aliyepooza nyuma anaweza kushindwa kukojoa, na mwenye mbwa hudanganyika kwa sababu anaona matone kwenye shuka. Matone hayo ni ya kibofu kilichofurika. Hukamuliwa kwa viganja viwili, tumboni mbele ya miguu ya nyuma, kwa shinikizo la taratibu lisilokatika, mara tatu au nne kwa siku. Ujuzi huu hauelezeki vizuri kwa maandishi. Daktari humshika mtu mikono na kumwonyesha. Mgonjwa hugeuzwa ubavu kila saa chache asiote vidonda, na ngozi yenye mkojo huoshwa na kukaushwa mara moja.

Baada ya hapo, sakafu. Vigae vinavyong'aa ni adui mkubwa wa miguu dhaifu, na nyumba za siku hizi zimejaa vigae. Mkeka, gunia lililofungwa vizuri au kipande cha kapeti chakavu kinatosha. Khanga hukunjwa kwa urefu na kupitishwa chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma, na mtu hushika ncha zake juu ya mgongo. Kazi ya khanga si kumbeba bali kumzuia asianguke. Mbwa akisimama kwa kawaida hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na 40 kwa ya nyuma; aliyeumia huusukuma wote mbele, na mwalimu wake anaurudisha nyuma kidogo kidogo. Nyayo zinapangwa kwa mkono, vidole vikitazama mbele, maana asiyehisi vizuri husimama juu ya mgongo wa wayo bila kujua. Kiuno kinasukumwa kwa kidole, kushoto, kisha kulia, kwa wepisi wa kumfanya ajizuie asianguke. Dakika tano, halafu dagaa mmoja, halafu apumzike. Jioni tena.

Anapoanza kupiga hatua, mipini ya mafagio hulazwa chini kwa kuachana, na yeye huongozwa kuivuka. Kila mpini unamlazimisha ainue mguu badala ya kuuburuta.

Maji husaidia kwa sababu yanabeba. Vipimo vilivyofanywa kwa mbwa ndani ya maji vinaonyesha kwamba maji yakifika kwenye goti, miguu bado inabeba asilimia 85 ya uzito. Yakifika kwenye nyonga, inabeba 38 tu. Kliniki za Ulaya na Marekani zina matangi ya vioo yenye mkanda unaotembea chini yake. Kwa kijibwa cha kilo 3, beseni kubwa la kufulia lenye maji ya uvuguvugu na mkeka wa mpira chini hufanya kazi ile ile, ilimradi mshono umefunga na mtu hamwachi hata kwa sekunde ya kupokea simu.

Kwa nini marudio haya yote yafae kitu? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1911, pale Mskoti Thomas Graham Brown, mwanafiziolojia ambaye baadaye alipata jina zaidi kwa kupanda Mont Blanc, alipoonyesha kwa paka kwamba ugwe mgongo uliotengwa na ubongo unaweza wenyewe kutoa mdundo wa kutembea, mguu huu kisha ule. Mwaka 1987 huko Montréal, Hugues Barbeau na Serge Rossignol waliwazoesha paka wazima waliokatwa ugwe kutembea juu ya mkanda unaozunguka, na baada ya wiki kadhaa miguu yao ya nyuma ilipiga hatua tena na kubeba kiuno. Ugwe ulikuwa umejifunza. Ni elimu kubwa, na ililipiwa na wanyama waliojeruhiwa makusudi. Anayeifaidi leo kwenye kizimba cha mbwa wake hana haja ya kulisahau hilo.

Jaribio la Cambridge lililotangazwa Novemba 2012 lilikwenda njia nyingine. Watafiti waliwachukua mbwa 34 wa majumbani, wote walioumia mgongo kwa ajali au maradhi ya kawaida, na ambao kwa muda mrefu hawakuonyesha nafuu. Mbwa 23 walidungwa kwenye ugwe seli zilizotolewa kwenye utando wa pua zao wenyewe, mahali ambapo mishipa ya fahamu huota upya maisha yote. Wengine 11 walidungwa maji yasiyo na seli. Kundi la kwanza lilipata nafuu ya wazi katika kuoanisha miguu ya nyuma na ya mbele. Mmoja wao, Jasper, mbwa wa aina ya dachshund, alionekana kwenye runinga akitembea baada ya miaka ya kuburuta nyuma. Watafiti wenyewe hawakutia chumvi: mawasiliano na ubongo hayakurudi, na nafuu ya kibofu haikuthibitika. Kwa maneno mengine, kilichorudi ni ule mdundo wa Graham Brown, ukiwa umeunganishwa tena na miguu ya mbele.

Si kila asiyetembea ameumizwa. Wapo watoto wa mbwa wanaofika wiki ya tatu wakiwa wametandaza miguu pembeni, kifua kimelala chini, wakijisukuma kama waogeleaji. Hao, wakiwahiwa, hufungwa miguu ya nyuma kwa plasta ya kunata iliyoachanishwa kwa upana wa nyonga, wakawekwa kwenye sakafu isiyoteleza na kufanyishwa mazoezi mara nyingi kwa siku. Wengi hutembea ndani ya wiki chache. Wasiowahiwa, kifua hubaki bapa, na ukaidi wa viungo huongezeka kila wiki.

Mguu ukishindikana kabisa, kuukata si mwisho. Mbwa wa miguu mitatu huwa anasimama siku moja au mbili baada ya upasuaji, na jirani asiyejua huchukua muda kugundua kuna nini kimepungua. Mfano uliovuma duniani ni wa Faith, aliyezaliwa Oklahoma mwaka 2002 bila miguu ya mbele ya kutumika. Mmoja haukuwepo na wa pili, uliokuwa na ulemavu, ulikatwa akiwa bado mdogo. Mlezi wake, Jude Stringfellow, alimfundisha kuruka na kusimama wima kwa kumtangulizia kijiko cha siagi ya karanga, mpaka akatembea kwa miguu miwili. Alitembezwa katika hospitali za wanajeshi waliopoteza viungo, akafa mwaka 2014. Inavutia, lakini mgongo wa mbwa haukuumbwa kubeba mwili wima, na mwenye mbwa aliyepoteza miguu ya mbele leo afadhali afikirie magurudumu.

Magurudumu hayo si ya matajiri. Mabomba ya plastiki ya maji, viungio vyake, mkanda wa begi kuukuu na magurudumu mawili ya kigari cha mtoto vinatosha kuunda kigari cha nyuma kwa kijibwa, na fundi bomba anaweza kukiunganisha kwa saa moja akipewa vipimo sawasawa. Vipimo ndivyo vyenye kazi: urefu kutoka sakafuni hadi kwenye tumbo mbwa akiwa amesimamishwa kwa khanga, upana wa nyonga, na umbali wa kutoka begani hadi mkiani. Uti ukae sambamba na ardhi. Kigari kikiwa juu kupita kiasi, uzito wote unaangukia mabega. Mwenye dalili za kupata nafuu achiwe nyayo ziguse chini ili ziendelee kujifunza; asiye na hisia avishwe soksi nene zisichubuke. Siku za kwanza dakika kumi zinatosha, na asiachwe nacho peke yake, kwa kuwa hawezi kulala akiwa amekivaa na kikipinduka hainuki. Naye bado anakua, kwa hiyo mabomba yakatwe kwa namna ya kubadilishika: kila wiki mbili apimwe upya, na fundi aitwe tena.